Zakaria Alimwambia Nini Daktari

Siku ambayo mpaka leo ikinijia nasikia moto kifuani, mwanangu, ni ile niliyompeleka dada yangu Mwanaisha hospitali moja hapa Nakuru, mguu wake umevimba kwa kuchomwa na msumari. Nilikuwa msichana bado, miaka ile ya hamsini, na kwetu Bondeni Kiingereza tulikisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani: sauti inapita, maana haiji.

Wewe umeniambia juzi kwamba kozi ya uuguzi umeimaliza na unaanza kazi wodini. Nimefurahi. Lakini kaa hapa kidogo. Chai iko, haraka haiko.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu asiyejua Kiswahili zaidi ya "njoo" na "ngoja". Kati yake na sisi alisimama Zakaria, dresa wa kufunga vidonda, ambaye pia alikuwa ndiye mkalimani. Koti jeupe, viatu vinang'aa. Usidhani mkalimani alikuwa mtu mdogo. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau. Watu wa kule Bahati, nje ya mji, walikuwa wakisimamishwa barabarani na kuulizwa wametoka wapi na wanakwenda wapi, na mtu aliyeweza kumweleza Mzungu jambo alikuwa ameshika maisha ya wenzake mkononi. Zakaria alilijua hilo, na alitembea nalo.

Mwanaisha akamwambia, kwa adabu zote, "Kaka, sindano ya usaha nilidungwa mwezi uliopita kwa daktari wa Kihindi. Midomo ilivimba, pumzi ikanikata. Tafadhali mwambie daktari asinidunge hiyo."

Alieleza polepole. Alionyesha midomo yake, akashika koo. Zakaria alikuwa akimtazama mtu mwingine mlangoni. Dada alipomaliza, akamgeukia daktari akatamka maneno mawili tu. Daktari akacheka kidogo, akampigapiga dada begani, akaagiza sindano.

Mimi sikujua alichosema. Lakini neno la mwisho lilibaki masikioni mwangu: *fraitend*. Nililibeba vile vile, bila kulijua, kama mtu anavyobeba mzigo uliofungwa.

Haikupita muda. Dada alianza kujikuna, uso ukafura, macho yakafunga, akaanguka pale pale kwenye benchi akitafuta hewa. Walikimbia, wakamdunga nyingine, wakampepea. Mungu akamrudisha. Alipoweza kusema tena, alisema neno moja: hataingia hospitali maisha yake yote. Na tulimuamini, kwa sababu Mwanaisha alikuwa na kichwa kigumu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Baada ya hapo, Mama Mkubwa Tatu, dada ya mama yetu, ndiye aliyeniandikisha kwenye darasa la Kiingereza katika ukumbi wa kanjo, baraza la mji. Baba alinung'unika, hasa aliposikia kwamba kuna mtawa wa Kikatoliki ndani ya darasa hilo. Mama Mkubwa akamwambia, "Anaenda kujifunza maneno, haendi kubatizwa," akamaliza maneno.

Mtawa huyo alikuwa Sista Pilar. Alikuwa ametoka Uhispania moja kwa moja akaletwa kwenye misheni ya njia ya Bahati, asubuhi afundishe watoto wadogo, mchana ahudumie wagonjwa, na hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Basi akakaa benchi moja na sisi, akiwa na ubao wake wa chaki magotini. Mwalimu wetu, Elkana, alitufundisha kutoka kitabu cha watumishi wa nyumbani. Chai iko tayari, bwana. Mpishi yuko jikoni. Farasi amelishwa. Sista Pilar alivumilia, alivumilia, siku moja akasimama, uso mwekundu, akapiga ubao kwa kiganja.

"No kitchen!" akasema. "No horse! Sick! Teach sick!"

Darasa zima tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Baadaye nilifahamu kwamba mle ndani yeye peke yake ndiye aliyejua anachotaka.

Kisha ikafika siku Mwalimu Elkana aliposoma habari ya mtoto na mbwa. Mtoto yule alikuwa *frightened*. Nikashtuka mpaka kalamu ikaanguka.

"Mwalimu, hilo neno ni nini?"

"Kuogopa. The child is frightened. Mtoto anaogopa."

Unaelewa, mwanangu? Dada yangu alieleza habari ya pumzi yake na midomo yake na sindano iliyotaka kumuua, na mtu yule akayakusanya yote, akayatupa, akamwambia daktari: anaogopa tu. Ndiyo maana daktari alicheka. Ndiyo maana alimpigapiga bega kama mtoto.

Sikuaga. Nilitoka darasani nikaenda mbio mpaka hospitali, nikasimama nje ya dirisha la chumba cha daktari, nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Nilimwita Zakaria muuaji. Nilimwita mwongo. Nililia, nikapiga ukuta. Daktari alichungulia, akamuuliza Zakaria kitu, Zakaria akajibu kwa utulivu kabisa. Askari akanishika mkono akanitoa mpaka lango la nje.

Nyumbani niliapa mbele ya Mama Mkubwa kwamba Kiingereza basi, ni lugha ya washenzi, sitaki kuisikia. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hasira yako ni ya haki. Sasa niambie. Ulipokuwa ukipiga kelele kwa Kiswahili, daktari alimuuliza nani unasema nini?"

Nikaokota punje ya mchele iliyoanguka.

"Alimuuliza Zakaria," akasema. "Na Zakaria alimwambia nini? Kwamba huyu msichana ni kichaa? Kwamba mumewe amemuacha? Hujui! Umeenda kumshtaki mtu, na mtu huyo huyo ndiye amekusemea. Rukia, kama una hasira kweli, rudi kwenye benchi. Jifunze mpaka siku utakayokasirika mbele ya yule Mzungu, asihitaji kumuuliza mtu mwingine."

Nilitaka anikumbatie, mwanangu, anipe pole. Hakunipa. Alirudi kwenye mchele wake, nami nikakaa pale nimemkasirikia na yeye pia. Lakini kesho yake nilirudi darasani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sista Pilar, nikaketi karibu naye, nikagusa kichwa changu, nikamuuliza kwa ishara kinaitwaje. Tangu siku hiyo kitabu cha farasi tulikiacha kwa wenyewe. Alichora mwili wa mtu kwenye ubao wake, na kila sehemu tulikuwa tukiiandikia majina matatu, langu, lake na la Kiingereza. Tulicheza mchezo wa mgonjwa. Yeye anajikunja ameshika tumbo, mimi nauliza: unaumwa wapi, imeanza lini, umekula nini, ulishawahi kupata dawa hii. *¿Dónde le duele?* Where is the pain? Halafu tunabadilishana. Nikienda mbio ananizuia, "*Despacio*, Rukia," polepole. Mwalimu Elkana alikasirika mwanzoni, kisha akaona wanawake wengine wote wamehamia upande wetu, akaanza na yeye kutafuta maneno ya hospitali kwenye kamusi yake. Hatukujifunza mashairi. Tulijifunza: simama kwanza, sijaelewa, rudia tena, sijamaliza.

Msimu wa mvua Sista Pilar akashikwa na malaria. Nilikwenda kumtazama, nikamkuta kitandani misheni anatetemeka, na nesi Mwingereza aliyekuja kusaidia amesimama juu yake. Kiingereza chote alichojifunza kilikuwa kimemtoka. Alikuwa analia kwa Kihispania, lugha ya mama yake, na nesi anamfokea, "Speak English! I can't help you if you won't speak English!"

Mzungu kwa Mzungu! Nilidhani mambo yale yanatupata sisi tu.

Nikainama. Nikamuuliza, "*¿Dónde le duele?*" Akanishika mkono akanijibu, kichwa, mgongo, na kwamba anatapika kila kidonge anachopewa. Nikayapeleka kwa nesi kwa Kiingereza, neno moja moja, nikitoka jasho. Akaniangalia kama aliyeona ukuta umesema. Lakini dawa alibadilisha.

Mwaka haukuisha, Mwanaisha akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mkunga wetu wa Bondeni alimpapasa, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Dada akageukia ukuta. Mumewe, mtu wa reli, alimbembeleza mpaka akalia. Hakuna.

Nikapiga magoti karibu naye. "Dada, safari hii nitasema mimi."

"Na yule?"

"Hatagusa neno lako hata moja."

Akageuka kutoka ukutani. Kisha akaniambia nimpe kanga yake.

Mtoto alitolewa salama, msichana, anapiga kelele. Lakini siku ya pili homa ya dada ikapanda. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nilipomwona daktari yule yule anakuja, nesi nyuma yake na sindano ile ile ya usaha, na Zakaria pamoja nao. Dada akaiona sindano, akaanza kutetemeka. Zakaria akafungua mdomo.

"Doctor, she is only—"

"Stop," nikasema.

Nilisimama. Nikamwambia daktari kwa Kiingereza, polepole kama nilivyofundishwa, kwamba dawa hiyo alishadungwa mara mbili, na mara zote mbili uso ulifura na pumzi ikakata, na mara ya pili ilikuwa humu humu hospitalini, kwa mikono yao. Zakaria akataka kuingilia. Nikamgeukia, "I have not finished." Kisha nikamaliza. Nikasema dada alieleza haya yote kabla hajadungwa, na kwamba mtu huyu alimwambia daktari anaogopa tu.

Daktari akamuuliza Zakaria kama ni kweli dada alisema hivyo. Zakaria akajibu kwamba wagonjwa husema mambo mengi.

Wagonjwa husema mambo mengi! Maneno hayo nitakufa nayo.

Daktari akarudisha sindano kwenye sinia, akaagiza dawa nyingine, na dada akapona. Sasa ungetegemea nikwambie kwamba Zakaria alifukuzwa na daktari akaomba msamaha. Hapana. Daktari aliniambia kwamba Kiingereza changu ni kizuri sana, akaenda kitanda cha pili. Mwanaisha alikuwa amelala pale, na hata pole hakupewa. Zakaria nilimkuta kazini miaka mingi baada ya hapo, viatu vinang'aa vile vile. Kilichobadilika ni kwamba wanawake wa Bondeni, akiugua mtu, walipita kwanza kwetu kuniita. Nilikwenda. Baadaye misheni ikanichukua nifundishe watoto, na darasani nikakuta mtoto amejikojolea kwa sababu amekatazwa kuomba ruhusa mpaka ajue kuisema kwa Kiingereza. Niligombana na mwalimu mkuu siku hiyo mpaka mabati yakalia, na kwa Kiingereza safi.

Unadhani hasira hizi ni za zamani? Mwezi huu nilikwenda zahanati moja huku mtaa wa Section 58 kupima presha. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa shamba, kofia mkononi. Nesi, msichana wetu, mweusi kama mimi na wewe, Kiswahili amenyonya kwa mamake, akamweleza dawa zake zote kwa Kiingereza. Asubuhi hii, jioni ile, hii usinywe na ile. Mzee anaitikia, "Yes. Yes, madam." Nikamuuliza, "Mzee, umeelewa?" Akanong'ona, "Hapana, lakini si vizuri kumsumbua." Nikamwambia yule msichana arudie kwa Kiswahili. Akasema, "Shosho," ndivyo wanavyotuita bibi siku hizi, "hii ni ofisi." Alinikuta siku mbaya. Alirudia, na sauti yangu ilisikika mpaka barabarani.

Zakaria alikuwa na mabwana waliomfundisha dharau. Huyu nani amemfundisha?

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, na nikikuomba ujue nakuamuru. Jifunze Kiingereza mpaka kikutii, na kama kuna mtu wa kukufundisha Kihispania, Kichina, Kiturkana, jifunze. Lakini jifunze kwanza maneno ya kumuuliza mtu, halafu ndiyo yafuate ya kumwagiza. Mtu akiumwa anarudi kwenye lugha ya mama yake, awe sista wa Ulaya au mchungaji wa mbuzi. Mfuate huko aliko, usimngoje uliko wewe. Ukipewa maneno yake uyapeleke kwa daktari, yafikishe yote, hata yale unayoona ni ya kipuuzi, maana wewe si wa kuyapima. Ukiwa hujaelewa, sema hujaelewa. Hakuna aibu hapo. Na ukimwona mtu anamsemea mwenzake uongo, usiende kupiga kelele dirishani kama nilivyofanya mimi. Ingia ndani, simama mbele yake, umalize sentensi yako.

Basi nenda. Mwenyezi Mungu akupe masikio yasiyochoka na ulimi usiopunguza neno la mtu. Akulinde na kiburi cha koti jeupe. Kila utakayemgusa apone, na asiyepona aondoke akijua kwamba alisikilizwa. Amin.