Wanorwe wa Mwalimu Zaïtoun

Wifi yangu Zaïtoun alifundisha Nosy Be, Madagaska, miaka mingi, na shule nzima ilimjua kuwa ni mtu wa papa hapa kisiwani. Uongo mtupu! Ni mzaliwa wa mji wa Mahajanga huko bara, mtaa wa Ampisikina, binti wa Mchangama, fundi mwashi wa Kingazija. Tuliojua ni mimi, mama yetu, na kaka yangu Abdou aliyemwoa. Nje ya hapo, midomo tulifunga.

Sababu mnaijua, au mnajifanya hamuijui. Desemba ya 1976 Wangazija wa Mahajanga waliuawa mitaani, na waliosalia wakapakiwa kwenye meli na ndege, wakarudishwa Komoro, hata wale ambao Komoro hawajaiona maishani. Wazazi wa Zaïtoun waliondoka na nguo za mwilini. Yeye alikuwa ameshaolewa, yuko kwetu, akabaki. Na hapo napo pana kichekesho chake. Kwa Wangazija nyumba ni ya binti. Baba humjengea, na mume ndiye anayehamia. Kaka yangu alikuwa na kazi kiwanda cha sukari hapa Nosy Be, akaomba bibi harusi akae kwetu kwa muda, halafu wangehamia Ampisikina. Muda huo ndio huu mpaka leo.

Alipoomba kazi ya ualimu akaulizwa kwao wapi, akasema Nosy Be. Toka siku hiyo alikuwa na hofu moja tu: watu wajue yeye ni Mngazija, kazi ipotee, na mtaani aanze kuzomewa.

Mwaka 1985 akaja madamu mmoja wa Kinorwe, mwalimu wa misheni huko nyanda za juu, kupumzika ufukweni. Akatembelea shule, akaacha picha kubwa za watu wa kwao walioihama Norwe zamani. Mkuu wa shule, ambaye kitu cha mgeni hakimpiti, akamkabidhi Zaïtoun awafundishe watoto.

"Haya wifi," nikamtania, "wahamaji wa kwenye theluji umewapatia darasa. Wa kwenu je?"

Hakucheka. Mimi ulimi wangu sijui niufanye nini.

Siku ya somo nilikuwa nje ya dirisha la darasa, nakaanga na kuuza vitumbua vyangu kama kawaida. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Zaïtoun alifundisha kwa Kimalagasi, ndiyo iliyokuwa lugha ya shule siku hizo, na sauti yake ilikuwa tulivu. Akawaonyesha familia imesimama kando ya kasha la mbao lililoandikwa jina kwa rangi. Akaeleza kwamba huko Norwe shamba lilikuwa la mtoto wa kiume wa kwanza. Wadogo zake wakikua hawana pa kulima wala pa kulala. Basi wanatia vitu kashani, wanapanda meli kwenda Amerika, na wengi hawakurudi tena.

Soulé, mtoto mwenye maswali kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona hawakuoa tu? Mwanamume asiye na nyumba si anahamia nyumba ya mkewe?"

Kisha sauti kutoka nyuma: "Mngazija huyo! Kumbe Soulé Mngazija!"

Loo, kucheka kule! Waligonga madawati. Soulé akasimama, machozi yako karibu. "Mimi si Mngazija! Kwetu Nosy Komba!"

Mama yake nilimjua, Kouraichia, mdarizi wa vitambaa vya meza. Nosy Komba, kisiwa cha jirani, alifika na mtoto huyo mgongoni, ametoka Mahajanga mwaka uleule wa mabaya, baadaye akahamia huku kwetu.

Zaïtoun alikuwa na chaki mkononi. Moyoni nikamwambia: wifi, nyamaza, geuza picha nyingine. Hakugeuza. Akachora nyumba ubaoni: msingi wa mawe, bati, mlango mmoja, madirisha mawili.

"Swali la Soulé ni zuri," akasema. "Wanorwe hawakuwa na desturi hiyo. Sisi tunayo. Mimi ni Mngazija, na hii ni nyumba yangu, iko Ampisikina. Baba alinijengea nikiwa bado nasukwa nywele na mama. Wanaokaa humo sasa siwajui."

Hakuna aliyecheka. Mimi nje vitumbua viliungua, na sikujali.

Kazi haikupotea. Mkuu wa shule alinuna siku kadhaa, halafu akasahau. Aliyekuja juu ni Kouraichia. Alifika nyumbani jioni ileile, hata kuketi hakuketi.

"Nani amekutuma umseme mwanangu?"

"Nimejisema mimi, dada."

"Wewe! Wewe una mume wa hapa. Ukitukanwa, yupo wa kukusemea. Mimi nina nani? Na kusema kwenyewe, mbele ya watoto, nani hawezi? Kasemee Mahajanga, kwenye mlango wako, tukuone!"

Nilifungua kinywa nimjibu, maana kwangu haji mtu kupiga kelele. Zaïtoun akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Ana haki."

Likizo ilipofika akafunga safari ya Mahajanga. Kaka yangu akataka kumsindikiza, akakataa: hakutaka mwanamume wa kumsemea. Nikaenda mimi. Njia nzima hakula kitu, nami niliogopa kuliko yeye, sioni haya kusema.

Nyumba ilikuwa vilevile kama alivyoichora. Mlango tu walikuwa wameupaka rangi ya kijani. Mama mmoja wa makamo alikuwa kizingitini anachagua mchele, wajukuu wamemzunguka. Akatukaribisha vizuri, akauliza tunamtafuta nani.

"Simtafuti mtu," akasema Zaïtoun. "Mimi ni Zaïtoun, binti wa fundi Mchangama. Nyumba hii alinijengea baba yangu."

Yule mama akasimama ghafla, ungo ukaanguka, mchele ukatawanyika barazani. Hakubisha. Aliwageukia wajukuu, akawaambia waingie ndani wakunje mikeka. Kisha akatugeukia sisi.

"Tuhame lini?"

Nilitegemea wifi yangu angefurahi. Alikuwa amesubiri miaka yote ile, na sasa mtu mwenyewe anamkiri. Lakini alipiga magoti, akaanza kuokota mchele, na huku analia.

"Sikuja kumhamisha mtu."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kusema kwamba ni yangu. Nimeshasema."

Tulipewa maji, tukanywa, tukaulizana majina. Tukarudi Nosy Be. Siku moja Kouraichia akakutana naye barabarani, akamuuliza, "Ulisema?" Akamjibu, "Nilisema." Kouraichia akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Wanorwe aliendelea kuwafundisha kila mwaka mpaka alipostaafu. Baada ya makasha na meli aliichora nyumba yake, na hakukosekana mtoto wa kuuliza nani anakaa humo.

"Anakaa Mama Soazara na wajukuu zake," alikuwa akijibu, kisha anatafuta chaki ya kijani, anaupaka mlango.