Vibao vya Wenye Bwato

Kto, kto-kto, kto. Ndivyo vibao vilivyogongana ukutani kila asubuhi nilipofungua mlango, upepo wa stesheni ukaingia ndani kabla yangu. Hata leo nikisikia mbao mbili zikigusana, najiona niko Likasi, ufagio mkononi, katika chumba kimoja cha chama cha wenye bwato. Bwato, ndivyo tunavyoita mashua kwetu.

Bwato zenyewe zilikuwa mbali, Bukama, kwenye mto Lualaba. Lakini samaki wakavu waliotoka huko, na chumvi na sabuni tulizopeleka, vyote vilipanda treni, na wakubwa waliogawa mabehewa walikaa Likasi. Mwenye bwato akienda peke yake kuomba behewa, aliambiwa arudi kesho. Chama kikienda, viti vilitolewa. Chama ndicho kilichoomba serikali isimike upya vigingi vya kuonyesha njia kati ya matete, na ndicho kilichopanga zamu za kupakia ili watu wasipigane gatini. Kila bwato ilikuwa na kibao chake, chenye alama iliyochomwa kwa msumari wa moto. Vilivyofuatana vibao ukutani, ndivyo zamu zilivyofuatana. Mimi nilifagia, nikachemsha chai, nikavitazama na kuota nimekaa juu ya magunia, naelea.

Baba alipofariki, kibao chake chenye alama ya kambale kiligeuzwa uso ukutani. Ndiyo desturi: bwato ya marehemu inapumzika mpaka kilio kiishe, kisha ndugu yake au mwanawe wa kiume anakigeuza kibao. Baba hakuwa na ndugu, na nyumbani tulikuwa wasichana watupu. Kilio kikaisha, kibao kikabaki vile vile. Mabaharia wetu wakatuma neno kwamba wamechoka kukaa bure. Wakipata bwato nyingine watahama.

Mama akavaa pagne, kitenge chake cha kanisani, akaja mkutanoni kuomba akigeuze yeye. Wakubwa wa chama walimkaribisha, wakampa pole tena, wakamweleza taratibu kwamba desturi si kitu cha kuchezea. Mmoja mwenye tumbo kubwa na utani mwingi akamuuliza kama atavaa abakosti, suti ile ya siku zile isiyo na tai, siku ya kwenda kwa mkuu wa stesheni.

"Nitavaa pagne," mama akasema. "Mayi ya Lualaba haiulizake nguo."

Wakacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akamgeukia mzee aliyeongoza chama.

"Papa Prezida, siku mulienda kuomba mabehewa, mulihesabu bwato gani?"

"Zote, mama."

"Na ya bwana yangu?"

Mzee akakoroga chai yake, chai ambayo sikuwa nimeitia sukari kwa sababu sukari haikuwapo. "Na ya bwana yako," akasema.

"Basi kule mbele ya wakubwa miye niko mu chama. Ni hapa tu ndiyo siko."

Vibao viligongana vyenyewe. Yule wa tumbo akaacha utani. Akasema mama ana haki, kwani behewa la bwato yake walilipakia mizigo yao, tena bila aibu. Mzee akawaza, mwishowe akasema wazee wa zamani walitaja ndugu kwa sababu siku zile ndugu walikuwa karibu. Walichotaka ni muntu wa nyumba.

"Na mama iko muntu wa nyumba," akamaliza.

Lakini kibao hakigeuzwi jioni, kwa kuwa bwato hazing'oi nanga jioni. Na asubuhi mama alikuwa na haraka ya kuwawahi mabaharia Bukama kabla hawajatawanyika. Nilimsindikiza na mzigo wake mpaka kwenye treni. Akiwa dirishani akaniambia, "Weye pia uko muntu wa nyumba."

Nikaenda kufungua chumba. Kto, kto-kto. Nikakishusha kibao cha baba, nikafuta utando wa buibui kwa ncha ya kitambaa changu, nikapaka tone la mafuta ya mawese mpaka sharubu za kambale zikaonekana. Kisha nikakitundika msumarini, uso ukitazama mlango.