Soko Lililogeuza Uso Kuufuata Muziki

Mwezi uliopita nilishuka katika soko la Nunguni asubuhi yenye ukungu, mkanda wa kupimia ukiwa mfukoni. Shangazi anataka kuijenga upya ploti ya marehemu nyanya yangu. Mimi ndiye niliyesomea uchoraji wa majengo katika ukoo wetu, na tangu nihitimu sijapata kazi ya kunifanya nikatae, kwa hiyo kazi hiyo ikaniangukia. Usiku wa kuamkia safari sikulala vizuri. Niliwaza, je, nikikosea vipimo? Halafu nikawaza, je, nikivipata sawa lakini jengo lenyewe liwe baya? Hivyo ndivyo nilivyo. Ukinialika chai, nitafikiria kwanza pa kuweka kikombe.

Niliingia kwa upande wa lami, kama mgeni yeyote angeingia. Nikajikuta kwenye kijia chembamba chenye makreti ya soda na maji ya kufulia. Msichana wa saluni akachungulia dirishani, akacheka.

"Umepitia nyuma. Mbele ni huko," akasema, akinyoosha kitana upande wa bonde.

Nikamuuliza kwa nini maduka yote yameipa lami mgongo. Akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mbuzi ana ndevu.

"Si ndivyo yalivyojengwa?"

Sivyo yalivyojengwa. Nilikuwepo yalipogeuzwa. Na kwa kuwa sikuweza kumweleza yeye, mteja wake akiwa ameshainamisha kichwa kwenye karai, acha nikueleze wewe.

Nyanya yangu sote tulimwita susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi mbali, kwa hiyo nililelewa naye hapo sokoni. Ploti yake ilikuwa mstari wa vyumba vya matofali ya kuchoma, milango yote ikitazama barabara. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kinyozi, cha kati cha dijei, na kile kikubwa cha mwisho kilikodishwa na kanisa ambako susu mwenyewe alikuwa kiongozi wa akina mama. Nyuma ya vyumba hivyo hakukuwa na mlango hata mmoja, ni ukuta tu, na nyuma ya ukuta palikuwa na ua wa susu.

Ningependa uuone ule ua. Upande mmoja jikoni, moshi wa mkaratusi ukitoka chini ya paa na harufu ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, yakichemka tangu asubuhi. Upande wa pili kuku, na katikati kamba ya nguo. Mbele yake hakukuwa na ua wa miti wala ukuta, ardhi iliteremka tu bondeni kwa matuta ya migomba na miparachichi, kisha ikapanda tena upande wa pili kwenye vilima vya Kilungu. Jioni, kazi ikiisha, susu alifungua kitambaa kichwani, akatia miguu kwenye beseni la maji ya moto, akanyamaza. Mtu yeyote asiye wa nyumbani hakuruhusiwa kufika hapo. "Mbele ni kwa watu," alikuwa akisema. "Huku ni kwangu."

Dijei alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, na kompyuta yenye mgongo mkubwa kama kuku aliyelalia mayai. Mwanzoni alikuwa akichoma nyimbo kwenye sidii. Baadaye zikaja simu zenye memori kadi, vitu vidogo kama punje ya mahindi, na watu wakawa wanateremka kutoka vijiji vyote kuja kujaziwa nyimbo. Wengi walitaka benga ya Kikamba, zile gitaa zinazofukuzana kama watoto, na mwimbaji anayetaja rafiki zake na masoko yao mmoja mmoja hadi unajiuliza kama atakumbuka kumalizia hadithi. Ili watu wajue yupo, dijei aliweka spika barazani. Baraza lilikuwa jembamba, kwa hiyo wasikilizaji walisimama barabarani, na magari yakajifunza kupunguza mwendo. Besi ilipoingia, mabati yaliimba na vikombe vya susu vikatembea kabatini.

Susu alimpa dijei trei zake zote za mayai abandike ukutani, maana alisikia zinameza sauti. Chumba kikawa kama ndani ya kiota. Lakini trei humeza sauti nyembamba tu. Besi ilipita kama mwenye nyumba.

Mambo yaliharibika katika ibada ya katikati ya wiki. Kwaya ilianza wimbo wa polepole, wa kutubu, lakini gitaa la upande wa pili likapenya ukutani, na makofi ya waumini yakaanza kulifuata bila wao kujua. Mwendo ukaongezeka. Mabega yakashika mdundo. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima zake, akazunguka mara moja kabisa kabla ya kukumbuka alipo. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mbele, na nilidhani hiyo ndiyo ibada nzuri kuliko zote.

Mchungaji hakudhani hivyo. Ibada ilipoisha alimwambia susu, bila hasira, kwamba hawawezi kukaa wote wawili. Ama dijei atoke ama kanisa litafute mahali pengine. Na kanisa likitoka, kila mtu sokoni atajua ni nyumba ya kiongozi wa akina mama iliyolitoa.

Dijei alikuja mlangoni mwa jikoni akiwa ameshika kofia. Mke wake alikuwa amejifungua juzi tu.

"Susu, nikitoka hapa sina pa kwenda. Nimeuliza ploti zote. Wanasema hawataki kelele."

"Na huwezi kupunguza?"

"Nikipunguza, nani atajua niko?"

Susu aliukoroga muthokoi kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji kukorogwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza mtoto mchanga akilala kwenye kompyuta kando ya barabara. Mwishowe akageuka, akautazama ule ukuta wa nyuma usiokuwa na mlango, kisha akautazama ua wake, kisha akaniambia nimwite fundi wa mawe.

Fundi alipofika aligonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, nikitoboa hapa bila linta ya kushika ukuta juu ya mlango, paa litashuka kutusalimu."

"Weka linta basi."

"Na mlango ukiwa huku, watu watapitia wapi?"

"Watapitia hapa."

"Hapa uani kwako?"

"Umeona ua mwingine?"

Siku hiyohiyo alifungua kamba ya nguo. Kuku walihamia nyuma ya jikoni, wakilalamika. Beseni likaingia chumbani kwake cha kulala, na sikuwahi tena kumwona akikaa nje bila kitambaa. Wakati huo sikuliona jambo hilo. Nilikuwa nikitazama tofali la kwanza likitoka na mwanga kuingia kwa dijei kutoka upande ambako haukuwahi kutoka. Mlango wa barabarani ukazibwa kwa matofali yaleyale, na spika ikatolewa nje uani, mgongo kwa kanisa, mdomo kwa bonde.

Tulifurahi sana. Upande wa kanisa kulikuwa kimya kabisa. Hakuna hata mmoja wetu, watu tuliozaliwa milimani na tuitanao kutoka kilima hadi kilima, aliyekumbuka kwamba bonde hubeba sauti, na kwamba nyumba ya mchungaji ilikuwa upande wa pili, imetuelekea.

Kesho yake mchungaji alipanda kwa miguu, jasho likimtoka, Biblia ikiwa kwapani kama mtu anayekwenda vitani.

"Mama," akamwambia susu, "mmeitoa kelele kanisani mkaileta kitandani kwangu. Kule hata maneno yanasikika. Hapa nilikuwa sisikii maneno."

Susu akaanza kuomba msamaha huku akimvutia kigoda. Hapo simu ya dijei ikalia mara moja, ikakatika. Dijei akakatiza benga katikati, akaweka wimbo wa injili.

Hapa nikufafanulie. Tangu jana yake, wakulima waliokuwa wakilima matuta ng'ambo walikuwa wamegundua kwamba wanaweza kumfleshi dijei. Wanapiga, wanakata kabla hajapokea, haiwagharimu kitu. Dijei anaangalia ni namba ya nani, anajua mwenyewe anapenda wimbo gani, anauweka. Kilima kizima kilikuwa kinaitisha nyimbo kwa jembe mkono mmoja na simu mkono mwingine.

Mchungaji akauliza kwa nini amebadilisha. Dijei akamweleza. Simu ikalia tena, ikakatika, nayo ilikuwa mezani, kioo juu, mbele ya macho ya mchungaji.

Akaitazama. Tukamtazama.

"Hiyo ni namba ya nyumbani kwangu," akasema.

Ng'ambo ya bonde, kwenye tuta la viazi, tulimwona mtu mdogo mwenye leso nyekundu akiwa ameegemea jembe, akingoja.

"Mama mchungaji hupenda injili asubuhi," akasema dijei kwa sauti ndogo. "Jana mchana aliitisha ile ya bwana aliyetorokwa..."

"Kijana," susu akamkatiza, "kula ndizi."

Mchungaji alikunywa chai yote aliyomiminiwa na susu, akaongezewa, akanywa. Alipoinuka alisema tu kwamba itakuwa vizuri injili itangulie kila asubuhi, na kwamba siku ya ibada spika ilale. Dijei akakubali. Kanisa likabaki, dijei akabaki.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu. Wasikilizaji walihamia uani, na aliyekuwa akikaanga viazi barabarani akawafuata na karai lake. Kinyozi, kuona wateja wanakwenda kusubiri zamu nyuma, akaomba fundi amtobolee mlango naye. Mwenye kuchaji simu akaweka meza. Ploti ya jirani ikatoboa, halafu ya jirani wa jirani. Vijana waligundua mahali ambapo besi ilikupiga kifuani sawasawa, si karibu wala mbali, na mtu akaweka benchi hapo, na mwingine akajenga kibanda cha mabati juu ya benchi kwa ajili ya mvua. Njia ya kwenda bondeni, iliyokuwa ya ng'ombe, ikapanuliwa na miguu hadi mkokoteni ukapita. Chuoni nilifundishwa kwamba miji huumbwa na barabara, sheria na bei ya ardhi. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapita. Hakuna mhadhiri aliyetaja besi.

Na susu? Alikuwa akipuuza gitaa lakini akiyasikiliza maneno, na alijibizana nayo. Utamkuta anachambua maharagwe, mwimbaji analia kwamba mpenzi amemtoroka, naye anamwambia spika, "Na wewe ulikuwa umemnunulia nini?" Wenye kungoja viazi walianza kungoja majibu yake kuliko wimbo. Wasichana waliokuwa na shida zao walikuja kukaa karibu naye. Aliwaambia ukweli, nao walirudi.

Muziki wenyewe uliondoka polepole, bila kuaga. Simu zikawa na intaneti, kila mtu akawa dijei wa masikio yake. Kijana wetu alikuja kujaza kadi moja kwa siku, kisha hakuna, kisha akauza ile kompyuta na kwenda kufunga spika kwenye kumbi za harusi. Sasa ana watoto wakubwa na kitambi cha kutosha. Siku alipotoa mizigo, fundi yuleyule alimwambia susu kwamba anaweza kumzibia mlango, afungue wa barabarani kama zamani, apate ua wake.

"Nizibe," susu akasema, "halafu nikae na nani?"

Hakuupata tena ua wake hadi alipotuacha, na sijui kama aliutaka. Nimelifikiria sana swali hilo. Baadaye kaunti ilikuja kutandaza vigae vya saruji pale njia ya ng'ombe ilipokuwa, wakaweka taa, na wajenzi wa magorofa wakaona sehemu yenye taa ndiyo mbele. Hivyo ndivyo soko zima lilivyogeuka, na msichana wa saluni akakua likiwa limeshageuka.

Siku ile nilipima hadi mchana. Ukungu ulikuwa umeinuka na ng'ambo ilionekana yote, mpaka kwenye matuta. Watu wengi walipita, wengi wakiwa na vidude masikioni, kila mmoja akitikisa kichwa kwa mwendo wake. Palikuwa na muziki mwingi kuliko wakati wowote wa utoto wangu, na pale nilipokuwa nimesimama sikusikia hata mmoja. Nilitazama ng'ambo, nikaona watu wawili wakilima. Kama wangetaka wimbo, wangemfleshi nani?

Shangazi alipiga simu kuuliza nimeamua jengo jipya litazame wapi. Yeye anataka lami, kwa ajili ya magari. Nikamwambia litatazama bonde, na chini nitaacha sehemu wazi, isiyo na duka, yenye mabenchi tu. Akaniuliza hiyo itakuwa ya nani. Kwa kawaida swali kama hilo lingeninyima usingizi wiki nzima. Nikamwambia ni ya watu, kwa sababu mwenyewe, susu, alishaitoa.

Nikamsikia shangazi akivuta kamasi kidogo. Kisha akasema nisisahau kuwawekea choo.