Siku Niliyomfukuza Mama Hewani

Mke wangu akianza kusimulia mkasa huu hufika katikati tu, kicheko kinamshika, na wageni wanabaki wanamtazama bila kujua mwisho wake, kwa hiyo leo nausimulia mwenyewe, maana aibu ni yangu, si yake, na nimekaa nayo muda mrefu mpaka imekuwa kama jamaa wa nyumbani.

Wakati ule wa Zaire nilikuwa kijana wa foni katika komini ya Tshopo, hapa Kisangani. Foni ni ile redio ya kusema na kusikia ambayo matajiri wa mpunga na kahawa walikuwa nayo ili waulizane habari za malori na magunia, na mimi nilikuwa nakaa mbele yake kwenye depo ya patron wangu nikiita "Allô, allô" mpaka koo linakauka. Lakini raha yenyewe ilikuwa kazi ikiisha. Sisi wapenda mashine, watu wa foni wa mjini, wa Bafwasende na wa mashamba ya ndani ya msitu, tulikuwa tunakutana hewani kila jioni (wengi wetu hatukuwahi kuonana uso kwa uso), na mkutano ule tuliuita baraza. Huyu anauliza kwa nini transista yake inachemka, yule anamjibu, katikati anaingia mtu kusema mke wake amejifungua, wote tunashangilia, halafu mwingine anataka kujua waya wa antena aufunge wapi, na kabla hajajibiwa Tonton Assani anaanza salamu zake.

Huyu Tonton Assani (tonton, yaani mjomba au ami, ndivyo tunavyowaita wazee) alikuwa fundi wa redio wa mtaa wetu. Foni yake aliiunda mwenyewe kwa viungo vya foni nyingine zilizokufa, na akikusalimu anakusalimu wewe, bibi yako, watoto, mbuzi, halafu anauliza paa la nyumba linaendeleaje. Nilimpenda sana. Isitoshe alikuwa baba mkubwa wa Zaina, na Zaina ndiye msichana niliyetaka kumwoa, kwa hiyo mngetegemea ningekuwa na akili kidogo.

Sikuwa nayo. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinapangwa upya, majina ya miji, majina ya watu, kila kazi ikapata commissaire wake, yaani msimamizi wa serikali, na mimi nikajiambia mbona baraza letu liko ovyo hivi, mtu anauliza jambo la maana anajibiwa habari za mbuzi. Kwenye foni unageuza kitufe, unahama kutoka njia moja kwenda nyingine. Basi jioni moja nikatangaza, kwa sauti ya mtu mkubwa, kwamba baraza limepangwa upya: Njia ya Kwanza, ile tuliyoizoea wote, itakuwa ya technique tu, yaani maswali ya ufundi, Njia ya Pili ya kutafuta na kuuza vipuri, Njia ya Tatu ya salamu, safari na mambo ya familia. Na nani atasimamia? Mimi. Wenzangu wakasema "Muzuri, chef," kwa ile sauti ya watu wanaotaka uache kusema wao waendelee.

Baraza likaanza kunyauka palepale. Kwenye Njia ya Kwanza mtu anauliza swali, kimya, kwa sababu wenye majibu wote wamekimbilia ya Tatu kusikiliza nani kaoa na nani kaachana. Kwenye ya Pili alibaki citoyen (raia, ndivyo tulivyoambiwa tuitane wakati ule) mmoja wa Bafwasende anatangaza transfoma yake, anajisikiliza mwenyewe. Akija mgeni, kijana mwoga anayejaribu foni kwa mara ya kwanza, namwambia "Hapa si mahali pa swali hilo," simsikii tena. Na Tonton Assani ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu kila njia inahitaji kwarzi yake, kidude kidogo kama jino ambacho unakichomeka ndani ya mashine, naye alikuwa na kimoja tu, cha Njia ya Kwanza. Akaingia siku ya pili na salamu zake, akafika kwenye watoto, nikamkata.

"Tonton, na heshima yote, hapa hatusalimiane."

"Bon," akasema. Jioni zilizofuata salamu zake hazikusikika.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, mchana nilikuwa napelekwa kwa kina Zaina kujulishwa rasmi, mama yangu na ndugu wengine wanakuja na lori kutoka Bafwasende. Asubuhi nimeshavaa abacost yangu, ile suti isiyofungwa tai (ya kuazima, inanibana kwapani), nikasema nipite depo kidogo nione Njia ya Kwanza inaheshimiwaje. Kidogo tu. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika.

Nikawasha, makelele kama mafuta ya moto kwenye kikaango, na ndani ya makelele sauti ya mwanaume anapiga kelele, si mtu wetu, mtu asiyejua foni.

"Allô! Kisangani! Tuko mu njia! Tuko mu njia!"

"Citoyen," nikasema, "uko kwenye Njia ya Kwanza. Njia ya Kwanza ni ya technique."

"Ndiyo, ni ile ya kwanza! Hakuna ingine! Tumekwama, iko mama moja hapa, anatafuta..."

"Mambo ya familia unapeleka Njia ya Tatu."

"Ya tatu iko wapi? Mi miaka yote napita hii moja!"

Kwenye foni, ukibonyeza kusema husikii, kwa hiyo yeye akiendelea kueleza mimi niko juu yake naeleza kanuni, na akinyamaza kidogo nafikiri ameelewa. Najua mnachotaka kuuliza. Mama yako yuko barabarani ndani ya lori, mtu anakuambia lori limekwama na mama anatafuta mtu, wewe hushtuki? Sikushtuka. Kichwa changu kilikuwa kimejaa njia zangu tatu, hakikubaki na nafasi ya barabara ya kweli. Nikamwambia, "Terminé, citoyen," nikazima, nikatoka nimeridhika kabisa, nikajipangusa mabega.

Nikaenda pale malori ya Bafwasende yanaposimama. Hakuna lori. Nikangoja, jua likapanda, abacost ikaanza kuonyesha jasho, hakuna lori. Mara namwona mtoto wa dada yake Zaina ametumwa: wazee wameshakaa, chakula kiko tayari, wanauliza muko wapi? Nikasema, "Tuko karibu." (Tuko! Mimi na nani?) Kwenda peke yangu ilikuwa matusi, kutokwenda ilikuwa matusi zaidi, na baba yake Zaina, Papa Ramazani, karani wa serikali mwenye miwani, alikuwa tayari amesema hamwamini kijana anayeongea na mashine.

Basi nikakimbia depo kwa Papa Mulenda, mzee anayetunza magunia, mtu mwema ambaye Bafwasende hakuwahi kufika maishani mwake.

"Papa Mulenda, leo uwe tonton yangu kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Mpaka mama afike."

"Kule iko chakula?"

"Iko lituma na samaki."

"Bon, alors mi niko tonton yako tangu ulizaliwa."

Tukaingia kwa kina Zaina. Mikeka imetandikwa, lituma, ndizi zilizopondwa na mafuta, inang'aa kwenye sinia, wanawake wamevaa pagne za sikukuu, Zaina namwona mlangoni kwa jicho moja. Papa Ramazani anatazama nyuma yetu kama anatafuta wengine. Na pembeni Tonton Assani, kofia yake nyeupe, mpole kama maji ya mtungi, ndiye aliyeanza kumkaribisha mgeni.

"Karibu, ndugu. Munatoka Bafwasende leo?"

"Leo leo," akasema Papa Mulenda, macho kwenye sinia.

"Na barabara?"

"Barabara? Iko kama meza!"

"Ah. Matope hakuna?"

"Ata tone!"

"Muzuri. Na mama ya huyu kijana, iko wapi?"

"Iko nyuma kidogo, anabadilisha nguo."

"Jina yake ni nani, tumuite kwa heshima?"

Papa Mulenda akanitazama. Mimi nikakohoa. Akafikiri, halafu akasema kwa ushujaa mkubwa, "Mama Amisi."

Amisi ni mimi. Kwa hiyo hakusema uongo, lakini uani wanawake wakaanza kucheka puani, na nikajua tumekwisha.

"Ni ajabu," akasema Tonton Assani, taratibu. "Sababu asubuhi nilikuwa nasikiliza foni yangu. Dereva moja alikuwa analia ku foni ya shamba ya kahawa, camion iko ndani ya matope, iko mama moja anatafuta mutoto yake Amisi wa foni wa Tshopo. Na iko commissaire moja, sauti ya kujivuna, anamwambia ahamie njia ya tatu."

Papa Ramazani akavua miwani.

"Citoyen Amisi. Unatuletea tonton ya kukodi?"

Nilitaka kusema kitu, lakini kilichotoka ni sauti ya kifungo cha abacost kikiruka. Nikapiga magoti palepale juu ya mkeka. Nikasema, "Papa, nimekosa. Sikujua ni mama." Halafu, kwa sababu mpumbavu haachi kazi yake katikati, nikamgeukia Tonton Assani: "Lakini Tonton, mbona hukumjibu dereva?"

"Mimi? Ile ilikuwa mambo ya technique?" Akanitazama bila tabasamu hata kidogo. "Niliheshimu kanuni. Commissaire alipoondoka, njo nilimjibu. Nilimwambia mama asitoke pale ku foni. Simama, twende."

Chumba chake cha ufundi kilikuwa ndani ya lupango hilohilo, yaani ua uleule. Tukajazana humo, wazee, wanawake, Papa Mulenda na kipande cha samaki mkononi. Tonton akawasha mashine yake, taa zikapata joto polepole, akaita, na ndani ya yale makelele ya kikaango ikatoka sauti ninayoijua tangu tumboni.

"Amisi? Ile sauti ya asubuhi ilikuwa ya wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nilimuuliza dereva, huyu mutu alilelewa na nani?" akasema. "Kumbe ni mimi."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Papa Ramazani alijaribu kujizuia, mabega yakamsaliti. Na si chumba tu: hewani wakaanza kujitokeza mmoja mmoja, yule wa transfoma, yule wa transista, na wengine ambao nilidhani wako Njia ya Tatu, kumbe walichoka na kelele za kule wakarudi kimyakimya kusikiliza. "Chef, hii ni technique?" "Chef, nisalimie mama ao nihame?" "Mama, kaka yangu iko na tracteur karibu na pale, namutuma sasa hivi!" Huyo wa mwisho sijamwona mpaka leo, lakini tracteur ya kaka yake ndiyo iliyolitoa lori kwenye matope.

Papa Ramazani akaomba kipaza sauti. Akasimama wima kama yuko mbele ya mkuu wake wa kazi, akasema salamu ndefu nzuri sana, akasahau kuachia kitufe, Tonton ikabidi amfunue kidole kimoja kimoja ili tusikie jibu.

"Papa," mama akasema, "sikufika. Nguo zangu ziko na matope mpaka magoti, na zawadi yenu nimeikalia juu ya gunia. Mutoto yangu iko na kichwa ngumu, nadhani mumeona. Lakini roho yake si mubaya."

"Tumeona vyote viwili," akasema Papa Ramazani.

Ndipo Zaina, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema neno siku ile, akatoa kichwa kati ya wanawake na kusema, "Tonton, muulize kama amekula."

Mama alisikia. "Huyo ni nani?"

"Ni Zaina, mama," nikasema.

Foni ikachemka kidogo, nikafikiri tumempoteza.

"Basi," akasema, "mimi nimefika."

Lori lilifika kesho yake, na sherehe ikafanywa mara ya pili, na Papa Mulenda akaja mara ya pili pia bila kualikwa, akakaa upande wa familia yangu, hakuna aliyemtoa, na watoto wangu walikua wakimwita tonton. Njia ya Pili na ya Tatu hakuna aliyezifunga. Watu waliacha tu kwenda huko, na siku moja jioni Tonton Assani akaingia hewani, akaanza na mimi, akaenda kwa mama mkwe wangu, akafika kwenye paa la nyumba ya mtu wa Bafwasende, na kijana fulani akangoja mpaka amalize ndipo akauliza swali lake la transista, akajibiwa na watu watatu kwa pamoja.

Mimi siku ile niliapa. Tangu hapo hata makabati ya jikoni sipangi. Na mtu akija kwangu na wazo zuri la kuwatenganisha watu ili wasikilizane vizuri, namketisha, namwekea chai na sukari ya kutosha, namsikiliza mpaka mwisho bila kumkata hata mara moja, halafu namwambia hapana.