Farasi Mstaafu Niliyemfundisha Kusimama

Enzi zetu, mtoto aliyezaliwa kwenye shamba la mzungu nje ya Eldoret alijua baridi kabla hajajua jina lake. Alfajiri umande uliganda juu ya nyasi ukawa mweupe kama chumvi. Sisi tusio na viatu tulikimbia huku na huku tukitafuta mahali ng'ombe alipotoka kujisaidia, tukasimama pale pale ndani ya kile kinyesi ili nyayo zipate joto. Nyinyi wa rika langu mnaosoma haya mnacheka kwa sababu na nyinyi mlisimama. Wajukuu wangu nikiwasimulia wanaziba pua. Wana soksi za kulalia na soksi za kuamkia, na bado wanapiga chafya.

Mimi ninayeandika nina stashahada ya ufugaji kutoka ng'ambo. Imetundikwa sebuleni kwangu Yamumbi, ndani ya nyumba ya mawe ambayo hakuna mtu aliyenichangia hata msumari mmoja. Nilikuwa msichana wa kwanza wa shamba letu kupanda ndege, na niliporudi wazee wawili walikuja kunishika mkono ili wahakikishe ni mimi. Sioni sababu ya kuyaficha, maana nimeyatolea jasho. Lakini kabla ya walimu wangu wote wa ng'ambo nilikuwa na mwalimu mmoja aliyewapita, naye alikuwa farasi wa mbio aliyestaafu, asiyejua kusimama.

Baba yangu, Arap Korir, alikuwa saisi. Alilisha farasi, aliwasugua, aliwapanda na kuwafundisha. Tajiri wake tulimwita Bwana Soksi kwa ajili ya soksi zake ndefu zilizofika magotini, ambazo sijawahi kuziona zimeteremka hata alipoanguka mtoni. Tulikaa kwenye kibanda nyuma ya mikaratusi, mama akalima kipande chake cha mahindi na wimbi, na kila Jumamosi tulipewa posho ya unga. Tulikaa pale kwa sababu baba alifanya kazi pale. Siku ambayo angeshindwa kazi, tungefunga sufuria zetu na kuondoka na mbuzi wetu, na hakuna aliyejua tungekwenda wapi. Kila mtoto wa mashamba yale aliijua hesabu hiyo kuliko ile ya ubaoni.

Hata hivyo tulikuwa na furaha. Tuliendesha farasi wa fimbo za miwati, tukapiga gunzi la mahindi kwa magongo yaliyopinda, tukasema ni polo, ule mchezo wa wazungu wa kupiga mpira wakiwa juu ya farasi. Shuleni tuliandika kwenye vibao, na mwalimu akiukaribia mstari uliopinda tuliufuta kwa mate. Jioni kulikuwa na ugali wa wimbi na mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa yenye rangi ya majivu na harufu ya moshi, na baba akinywa alifumba macho kama mtu anayesali. Watoto wa leo wananunua mursik kwenye chupa ya plastiki, kisha wananiuliza kwa nini ina madoa.

Sasa niwaambie kuhusu farasi. Bwana Soksi alinunua wale waliochoka mashindanoni Nairobi, waliokuwa wamezeeka kwa mbio lakini bado wana miaka kumi ya nguvu. Walikuja kwa gari moshi hadi stesheni ya Eldoret, nasi tukawapokea. Kazi ya baba ilikuwa kuwageuza wawe farasi wa polo au wa kuruka viunzi, ili wazungu wawapande Jumapili na kuwaonyesha kwenye maonyesho ya kilimo. Watu hudhani kazi hiyo ni rahisi kwa kuwa farasi amekwisha kufundishwa. Kumbe hapo ndipo penye ugumu. Farasi wa mbio amefundishwa jambo moja tu, na amelijua mpaka kwenye mifupa. Ukivuta hatamu, yeye haoni kwamba unataka asimame. Anaegemea kile chuma cha mdomoni na kuongeza mwendo, kwa sababu ndivyo wapanda farasi wa mbio walivyomzoeza. Anajua kupinda kona upande mmoja. Akipangwa mstarini na wenzake, anatetemeka akingoja bendera.

Baba alikuwa na msemo wake. "Huyu ni kama askari aliyetoka Burma," alisema. "Vita vimekwisha, lakini miguu yake haijaambiwa."

Mwaka ule akaletwa farasi wa kijivu mwenye jina refu la Kiingereza ambalo hakuna saisi aliyeliweza. Tukamwita Moshi. Wiki ya kwanza aliangusha watu watatu, na wa tatu alikuwa baba. Bega lake lilichomoka. Mzee mmoja wa jirani alilirudisha mahali pake kwa kamba na goti, akamwambia asipande farasi mpaka mahindi yavunwe. Jioni ile ile Bwana Soksi, asiyejua habari za bega, alikuja zizini na kusema maneno yake mafupi. Moshi aruke viunzi na asimame vizuri kwenye maonyesho, la sivyo atapigwa risasi na nyama yake wapewe mbwa wa kuwinda.

Baba hakuthubutu kusema kwamba ameumia. Saisi asiyeweza kupanda alikuwa na faida gani? Akala ugali wake kwa mkono wa kushoto, akanitazama. Kaka yangu alikuwa misheni akisoma. Nilikuwa mimi tu, msichana wa darasa la tatu, mwepesi kama gunia tupu.

"Jebet," akasema, "unaweza kukaa juu ya kitu kinachokimbia bila kupiga kelele?"

"Naweza, Baba."

Mama akaweka mwiko chini. "Na akianguka?"

"Mimi nilianguka," baba akajibu, "na bado unanipikia."

Tukaanza nyuma ya msitu wa miwati, mahali ambapo hata moshi wa nyumba kubwa haukuonekana. Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo mtu yeyote angelifanya. Moshi aliposhtushwa na kwale nilivuta hatamu kwa nguvu zangu zote, naye akadhani nimemwambia twende Nairobi. Miti ikapita kama meno ya kitana. Niliziachia hatamu, nikakumbatia shingo, na kwa ile hofu nikapiga mluzi, ule mrefu wa kushuka ambao wavulana wetu huwapigia ng'ombe wanapofika mtoni kunywa. Sijui kwa nini niliupiga. Nadhani ni kwa sababu niliona maji mbele. Moshi alisikia uzito umetoka mdomoni mwake, akasikia ule mluzi, masikio yakageuka nyuma. Akapunguza mwendo. Akafika mtoni akitembea, akainamisha kichwa, akanywa.

Kuanzia siku hiyo tukalifanya jambo hilo kuwa sheria yetu. Hatamu zilegee, mluzi upigwe, Moshi asimame, apate maji au kipande cha muwa. Baba alitembea pembeni na mkono wake ndani ya shati, akinielekeza. "Usimvute. Muulize. Mzunguke mti kulia, sasa kushoto. Mpe muda wa kufikiri, hata wewe darasani unapewa." Tuliweka miti chini ardhini, Moshi akaivuka akiitazama kama nyoka. Tukaiinua juu ya mawe, kisha juu ya mapipa. Mwezi wa pili alikuwa akiruka gogo huku masikio yamesimama kwa furaha, na mimi juu yake nimesahau kwamba sina viatu.

Mama hakupenda ule mluzi. Kwetu msichana hapigi mluzi. "Unaita upepo uje ung'oe paa," alisema. Lakini alijua kilichokuwa kinatulinda chini ya paa lile, kwa hiyo aliusikia na kuendelea kupalilia.

Kosa letu kubwa, mimi na baba, lilikuwa hilo. Tulimfundisha Moshi lugha yetu, lugha ya watu wa ng'ombe, tukasahau kwamba atakayempanda siku ya maonyesho hakuchunga ng'ombe. Mpandaji alikuwa binti wa Bwana Soksi, Nelly, ambaye tulimwita Memsaab Kidogo, wa umri wangu au mwaka mmoja zaidi. Alimpanda Moshi mara mbili tu kabla ya siku yenyewe, ndani ya ua mdogo ambamo farasi husimama mwenyewe kwa kukosa pa kwenda. Kila mtu akaridhika.

Siku ya maonyesho sisi Waafrika tulisimama nyuma ya kamba, upande wa shamba la ngano. Moshi aliruka viunzi vyote bila kugusa hata kimoja. Nilitamani kumwambia kila mtu. Kisha wakaitwa waliofanya vizuri, farasi watano, wapangwe mstarini wavishwe utepe. Nikaona shingo ya Moshi ikianza kutetemeka. Mzee mmoja wa kizungu akainua bendera ndogo ili kuwapa ishara wapiga tarumbeta, akaishusha.

Moshi akaondoka. Nelly akavuta hatamu kama alivyofundishwa tangu utotoni, na kila alivyovuta ndivyo Moshi alivyoongeza. Walikuja upande wetu, na kati yetu na wao kulikuwa na ua wa waya wa miiba.

Baba alikuwa kando yangu. Hakuniambia nipige, wala hakuniambia ninyamaze. Kama ningepiga, kila mtu angejua ni nani aliyempanda farasi miezi ile yote, na bega la baba lingejulikana, nasi tungekihama kibanda na mbuzi wetu. Nilimtazama Nelly. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa posho. Nikaweka vidole mdomoni nikapiga mluzi, na kwa bahati njema yule binti, kwa kuchoka au kwa kukata tamaa, akaachia hatamu.

Moshi alisimama hatua nne kutoka kwenye waya. Akainamisha kichwa kutafuta maji.

Bwana Soksi alifika akihema, soksi zake zikiwa juu kama kawaida. "Nani nafundisha hii farasi?"

"Ni binti yangu, Bwana," baba akasema. "Bega langu lilichomoka siku Moshi aliponiangusha."

"Kwa nini hapana sema?"

"Ningesema, Bwana, ungeniambia niende."

Bwana Soksi akalitazama bega la baba. Alijua ni kweli. Akamgeukia Moshi. "Farasi nasimama kwa mluzi ya toto, hii hapana farasi. Kesho mimi napiga risasi."

Nelly alikuwa bado juu. Akamwambia baba yake maneno mengi ya Kiingereza, kisha akanigeukia kwa Kiswahili safi alichokipata kwa yaya wake. "Wewe, nifundishe huo mluzi. Nitaujua."

Bwana Soksi akainua kidole kimoja. "Wiki moja," akasema. "Halafu hii toto hapana panda farasi yangu tena. Hapana piga mluzi tena, hata mbali, ama mimi napiga hii farasi risasi. Farasi nasikia watu mbili, naua mtu. Arap Korir, wewe nangoja bega napona."

Hivyo ndivyo baba alivyobaki na kazi yake.

Kila alasiri ya wiki ile tulikaa juu ya ua wa zizi, mimi na Memsaab Kidogo, Moshi akiwa chini yetu, tukipuliza. Hakutoa sauti. Alitoa mate.

"Umemlowesha farasi," nikamwambia. "Unapuliza kama mbuzi mwenye kikohozi."

"Mama yangu anasema msichana anayepiga mluzi hapati mume."

"Wangu anasema upepo unang'oa paa."

Akafikiri. "Lipi baya zaidi?"

"Paa. Mume anaweza kurudi mwenyewe."

Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ua. Siku ya tano aliamka na midomo imevimba. Siku ya sita, Bwana Soksi akitazama, alimwachia Moshi mbio uwanja mzima, akalegeza hatamu, na ukatoka mluzi mwembamba, umepinda, lakini ulikuwa wetu. Moshi alisita. Akageuza sikio upande wangu kwanza. Niliuma ulimi. Akasikia tena ule wa juu ya mgongo wake, akasimama.

Moshi aliishi. Aliruka viunzi miaka mingi na Nelly, na baba alipona akawafundisha wengine kumi baada yake. Mimi nilisoma, nikapasi, nikapanda ile ndege niliyowaambia. Huko ng'ambo mwalimu wa farasi aliitazama mikono yangu juu ya hatamu akauliza nimejifunza chuo gani. Nikamwambia ni cha Uasin Gishu, nyuma ya miwati. Akaandika jina hilo kwenye daftari lake, nami sikumrekebisha.

Leo nikienda mjini naona vijana wamekaa juu ya boda boda, wakipenda kitu wanakipiga picha, wanaipeleka kwa dunia nzima kabla chai haijapoa. Mjukuu wangu ana mbwa, na mbwa huyo ana picha nyingi kuliko ukoo wetu wote. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia kwamba wakitoa sauti, wanachokipenda kitakufa. Sisi tuliambiwa. Miaka miwili iliyofuata, kila nilipotoka shuleni, nilipita kando ya malisho, na Moshi aliinua kichwa akanitazama, masikio mbele, akingoja. Niliziba mdomo kwa vitabu ili mluzi usinitoke, nikapita polepole, mpaka siku moja nilipopita akaendelea kula.