Hekta Ilipomeza Eka Zangu

Mjukuu wangu Wanjiru ni mpima ardhi. Niliita majirani wote hapa Mweiga waje wamwone akipima shamba langu la eka mbili. Alisimamisha mashine ya miguu mitatu kwenye viazi, akachungulia, akatangaza: "Hekta sufuri nukta nane, Shosho."

Mimi nilijua hekta ni eka kwa Kiingereza. Hata moja haijafika! Nikakalia jiwe la mpaka, nikamnyooshea kidole jirani yangu, Baba Muthoni: "Mwizi! Ulisogeza ua!"

Wanjiru akachuchumaa. "Shosho, hekta moja inameza eka mbili na nusu. Zako mbili ziko zote."

Nikamtazama mtoto niliyembeba mgongoni, ati leo anaijua ardhi kuliko mimi niliyeilima.

Baba Muthoni akakohoa. "Mama, niende nyumbani, ama bado mimi ni mwizi?"