Karata ya Mjinga Mdomoni mwa Duara

Kabla sijatundika nguo yoyote kwenye kibanda changu, huwa naichunguza mifuko. Hao wenye nguo kule ng'ambo nafikiri wanazitoa kwa haraka, maana wanasahau humo vitu vya ajabu: tiketi za treni, vibanio vya nywele, pipi iliyogandana na karatasi yake, na mara moja jino. Jino nililizika. Vitu vingine naweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na siku isiyo na wateja navitoa kimoja kimoja najiwazia habari za wenyewe. Nina kichwa cha namna hiyo. Mama yangu kule Kagongwa alikuwa akinituma chumvi, narudi baada ya saa mbili nimebeba kiberiti.

Karata ilitoka kwenye mfuko wa ndani wa koti la mvua, katika belo la mitumba nililofungua mwaka jana hapa machimboni Nyarugusu. Ilikuwa ndefu kuliko karata tunazozijua, haina kopa wala shupaza. Ina picha ya kijana amesimama ukingoni mwa genge, mguu mmoja hewani, uso ameuelekeza mbinguni kama anayetafuta mtandao. Amevaa gauni la maua maua na kofia yenye unyoya mwekundu. Begani ana fimbo yenye kifurushi, mkononi ua jeupe, nyuma yake jua. Na miguuni pake kuna kambwa keupe kamesimama kwa miguu ya nyuma. Juu imeandikwa sifuri. Chini kuna jina lake kwa Kiingereza. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, lakini neno lile nalijua kuliko mengine yote, maana mwalimu wa hesabu aliniita hivyo miaka miwili: Mjinga.

Nikaingia kwenye simu. Nikakuta kwamba ni karata za kutazamia, zinaitwa taroti, na huyu Mjinga ndiye anayeanza safari. Hajui aendako, haogopi, na ndani ya kifurushi chake hakuna anayejua kuna nini. Sifuri yake, walisema, si ya mtihani. Ni ya mtu ambaye bado hajawa chochote kwa hiyo anaweza kuwa chochote.

Nilimpenda papo hapo. Nilijiona mimi mwenyewe siku niliyoshuka hapa na salfeti langu la nguo, gunia la nailoni tu, simjui mtu, natembea nikiangalia juu kusoma mabango nikakanyaga tope mpaka gotini. Hata mbwa alikuwepo. Mbwa mdogo mweupe, sikio moja la kahawia, hana mwenyewe. Alinifuata kutoka stendi mpaka nilipoweka salfeti chini, akalilalia. Tangu siku ile analala kibandani kwangu, juu ya makoti.

Sasa kosa langu ni kwamba nikipenda kitu siwezi kukaa nacho kimya. Mchana nikaenda nayo kwa mama ntilie, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye wachimbaji wa duara la jirani hula chakula kwake. Duara ni shimo la dhahabu. Huku tunaliita hivyo hata likiwa na pembe nne. Meza ilikuwa imejaa, nikakaa upande wa pili na kuisukuma karata katikati.

"Huyu ni nani, mtoto wa mfalme?" mmoja akauliza.

"Mjinga," nikasema.

"Nimekuuliza wa kwenye picha."

Wakacheka mpaka mama ntilie akasogeza sufuria la makongoro, supu yake ya miguu ya ng'ombe, lisimwagike. Nami nikapanda mori. Nikaanza kufundisha. Nikaeleza kifurushi, nikaeleza jua, nikaeleza sifuri. Walikuwa wananisikiliza kweli, watu wazima wenye mikono kama magome, na kusikilizwa ni kitu kitamu sana kama hujakizoea. Ndipo mmoja akauliza mbwa yuko pale kwa kazi gani. Sikuwa nimefika kwenye mbwa. Kifurushi cha simu kilikuwa kimeisha kabla ya mbwa. Mtu mwenye busara angesema sijui.

"Mbwa," nikasema kwa sauti ya mhadhiri, "ndiye anayemchanganya. Anamrukia rukia, kijana anasahau shimo."

Wote wakacheka tena, isipokuwa msimamizi wa duara. Huyu ni mzee Msukuma wa makamo, mpole, anayesema maneno machache kama anayenunua kila moja. Duara lake lilikuwa kavu. Wanashuka, wanapandisha mawe, mawe yanapelekwa kwenye karasha yanasagwa, hakuna kitu. Kwa huku jambo kama hilo haliachwi hivi hivi. Lazima kuna aliyesababisha. Walishamsimamisha mtu kazi kwa kupiga mluzi chini shimoni. Walishakataza kitambaa chekundu.

Msimamizi aliishika karata kwa ncha za vidole. Akatazama genge, akamtazama mbwa wa kwenye picha. Kisha akageuka taratibu akamtazama mbwa wangu, aliyekuwa chini ya benchi akilamba sufuria la jana.

"Mweupe," akasema. "Mdogo. Huyu alikuja lini hapa?"

"Wakati ule ule mawe yalipokauka," akajibu mwenye panga, yule anayechonga matimba, magogo yanayozuia kuta za shimo. "Nakumbuka. Alikuja na mtu wa stendi."

Mtu wa stendi nilikuwa mimi. Nilitazama sahani yangu.

"Kesho asubuhi," msimamizi akasema, "kabla mtu hajashuka. Amalizwe pale mdomoni, damu ishuke kwanza." Akanirudishia karata kwa mikono miwili, kwa heshima. "Asante, kijana. Tulikuwa tunatafuta, na jibu lilikuwa mfukoni mwako."

Wakanyanyuka kurudi kazini. Mama ntilie alibaki ameshika mwiko.

"Wewe mtoto," akasema, "mdomo wako ungekuwa duara, watu wangeshatajirika kwa yanayotoka humo."

Sikuweza kumaliza wali. Mbwa alimaliza kwa niaba yangu, akaja kuweka kidevu juu ya kiatu changu. Nilijaribu kumwambia akimbie. Nikamwonyesha barabara ya Geita. Akaenda hatua tano, akakaa, akanisubiri twende wote.

Basi saa kumi jioni nikamfuata msimamizi kwenye turubai lake. Nilikuwa nimenunua kifurushi cha simu, nimesoma habari za mbwa mpaka macho yanauma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mhola?" akanijulia hali kwa Kisukuma.

"Mhola. Mzee, ile karata. Mbwa hamchanganyi kijana. Anamwonya. Anambwekea kwa sababu ameona shimo."

"Mchana anachanganya, jioni anaonya. Bhebhe, wewe ni mtafsiri au mgombea udiwani?"

Halafu nikakumbuka jambo nililolisoma, na lilikuwa la kweli, wallahi: karata hizi zikitokea kichwa chini maana yake inageuka.

"Mzee, mchana tulikaa namna gani? Wewe upande ule, mimi upande huu. Karata ilikuwa imekuelekea wewe. Mimi niliisoma kichwa chini."

Nikaiweka mbele yake, sawasawa. "Tazama mwenyewe. Katika picha yote hii, nionyeshe aliyeanguka."

Akainama. Akatazama chini ya genge, akaigeuza, akatazama na mgongoni kwake.

"Hayupo," akakubali.

"Ameinua mguu tu. Na mbwa yupo. Sasa ukimwondoa mbwa, anabaki nani wa kumzuia?"

Akamfunika mbwa wa kwenye picha kwa kidole gumba, akamfunua. Nikaanza kupumua. Nilikuwa sijamjua bado mzee huyu.

"Basi kama ni ya heri," akasema, "tuifanye yote."

"Yote vipi, mzee?"

"Dozi haikatizwi. Hapa hakuna mbwa peke yake. Kuna kijana, kuna gauni, kuna fimbo, kifurushi, ua, jua la nyuma. Kesho linapochomoza mje mdomoni mwa duara, wewe na mbwa, msimame kama hivi. Mbwa akimzuia kijana, tutamwacha. Akilala tu, ulikuwa sahihi mchana."

Mama ntilie ndiye aliyenivalisha. Kulikuwa na gauni la kulalia la kike, maua ya njano na ya bluu, ambalo nilikuwa nimelitundika miezi bila mtu hata kuuliza, na lilinikaa vizuri kwa kiasi cha kuniudhi. Unyoya ulitoka kwa kuku wa mchana. Ua jeupe halikupatikana, kiangazi hiki hata majani yana rangi ya vumbi la karasha, kwa hiyo akatoboa mto wake akanipa pamba. Kifurushi alikifunga yeye mwenyewe, asubuhi, nikiwa nahangaika na vifungo. Nilikiona kizito.

"Umeweka nini?"

"Si ulisema hakuna anayejua?" akanijibu. "Nenda."

Tulipofika, wachimbaji walikuwa wamejipanga kama wageni wa harusi, simu juu. Mwenye panga alisimama pembeni, panga limenolewa, na sikuweza kulitazama. Msimamizi alishika karata kwa mkono mmoja na kuniongoza kwa mwingine.

"Sogea. Tena. Kichwa juu. Huyo wa kwenye picha hatazami shimo, wewe unalitazama."

"Mzee, huyo wa kwenye picha amechorwa."

"Inua mguu."

Nikauinua. Sitasahau. Hewa ya baridi ilikuwa inapanda kutoka kule chini na kuingia ndani ya gauni. Kwa mara ya kwanza nikamwelewa yule kijana. Nilikuwa nadhani anatazama mbinguni kwa sababu ya ndoto zake. Inawezekana kabisa alikuwa anaogopa kutazama chini.

"Mbwa haruki," mtu akasema.

Nikageuza jicho moja. Mbwa alikuwa amekaa, anajikuna shingo, anatazama watu kwa urafiki kama aliyealikwa.

"Ruka," nikamnong'oneza. "Ruka, baba, ruka." Akapiga mwayo.

Nikasikia mwenye panga anasogea. Mguu wangu uliokuwa chini ukaanza kuchoka, jua likapanda kidole kizima, na hakuna aliyecheka tena. Msimamizi akashusha karata. Nilitaka kugeuka niseme kweli, kwamba sijui chochote, kwamba mchana nilitaka tu kusikilizwa, na kama kuna nuksi iliyoshuka stendi siku ile ilikuwa na miguu miwili na salfeti. Katika kugeuka, fimbo ikayumba, kifurushi kikapita juu ya pua ya mbwa.

Akaacha kujikuna.

Akasimama kwa miguu ya nyuma, pua juu, sawasawa kabisa na karata, mpaka watu wakaguna. Halafu akafanya jambo ambalo mchoraji hakulichora: akakidaka kifurushi kwa meno akakivuta kwa nguvu zake zote kuelekea nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshikilia fimbo kama roho yangu. Tukaenda nyuma wote wawili, hatua tatu, nne, nikakaa chini kwa makalio juu ya kifusi, gauni likiwa limefika shingoni. Namshukuru Mungu nilivaa kaptula.

Kisha mzee msimamizi akanyoosha kidole kwa mbwa.

"Amemrudisha," akasema. "Mmeona? Amemrudisha mtu."

Kelele iliyopigwa pale ilisikika mpaka mwaloni kwenye kuoshea dhahabu, naambiwa. Walinibeba mimi, wakambeba mbwa, aliyekataa kuachia kifurushi. Mwenye panga akamkuna lile sikio la kahawia, akaenda zake kuchonga matimba.

Wiki ile duara halikutoa kitu. Iliyofuata pia. Hakuna aliyemtaja mbwa. Walikaa kikao wakakubaliana kwamba kosa ni langu, niliinua mguu usio wenyewe. Lilipokuja kutoa kidogo, wakasema ni mbwa. Karata waliniomba, nikawapa, imepigiliwa msumari kwenye gogo la kwanza pale juu, imefunikwa nailoni. Huwa naikumbuka. Kila asubuhi mbwa anakwenda kukaa mdomoni mpaka mtu wa mwisho ashuke, hakuna aliyemfundisha, kisha anarudi kwangu kulala juu ya makoti. Gauni nililiuza siku ile ile, waliligombania.

Juzi msimamizi alipita kibandani. Tukasalimiana. Akasimama kidogo, anapapasa mkono wa shati asilotaka kulinunua.

"Kijana," akasema, "kile kifurushi cha siku ile. Ndani kulikuwa na nini?"

"Hakuna anayejua, mzee."

Upande wa pili wa ukuta mama ntilie aliangusha mfuniko. Mzee akamtazama mbwa, akanitazama mimi, uso wake mpole vile vile.

"Kilinukia makongoro," akasema, akaenda kazini.